Mstari wa Nane: Kutafuta Habari za Familia katika Barua na Vitabu vya Kanisa

(Mada iliyosomwa mbele ya usharika na wageni wa Dayosisi katika juma la Jubilei ya miaka mia moja)



Kamati ya Jubilei ilipoanza kuandaa orodha ya waasisi wa usharika huu, ilikuta karatasi moja iliyopigwa chapa kwa mashine, imekunjwa mara nne, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikisomwa kila sikukuu ya kumbukumbu. Karatasi hiyo inataja wanaume saba kwa majina yao ya nyumbani na majina yao ya ubatizo. Mstari wa nane una maneno matatu tu: mke wa mwalimu. Vizazi vitatu vya Wakristo vilisikia maneno hayo yakisomwa, wakaitikia Amina, wakaenda kula pilau. Hakuna aliyesimama kuuliza mke huyo aliitwa nani.

Aliyeuliza mwishowe alikuwa kitukuu wake, binti wa kidato cha nne, tena hakuuliza kwa ajili ya Jubilei. Alikuwa amepewa na mwalimu wake wa historia kazi ya kuchora mti wa ukoo wao. Upande wa babu ulijaa hata ukakosa nafasi. Upande wa bibi ulikuwa na tawi moja lisilo na shina. Wazee wa nyumbani walimwambia aandike kwamba bibi alikuwa binti wa watu wakubwa wa Vuga, naye akaandika hivyo. Lakini mwalimu alimrudishia daftari akiwa ameandika kwa kalamu nyekundu: jina la baba yake ni nani?

Jambo hili si dogo katika Maandiko. Kitabu cha Ezra katika sura ya pili, na cha Nehemia katika sura ya saba, vinasimulia habari za watu waliorudi kutoka uhamishoni, wakatafuta orodha ya nasaba zao wasiione, wakaondolewa katika ukuhani kwa sababu hiyo. Kwa upande mwingine, Mathayo anapoanza Injili yake kwa nasaba ya Bwana, anawataja Tamari, Rahabu, Ruthu na yule aliyekuwa mke wa Uria, ingawa angeweza kuwaruka bila ya mtu kumlaumu. Familia inayofungua sanduku la zamani husimama kati ya kurasa hizo mbili. Yaweza kukosa jina na kuona aibu. Yaweza pia kulipata na kuona aibu zaidi.

Hapana budi kueleza kwanza karatasi hizi hupatikana wapi, kwa maana wengi hudhani kwamba historia ya wazee ilikufa pamoja na wazee.

Kamati ilipotangaza kanisani kwamba kila nyumba ilete ilicho nacho, Jumapili ya kwanza yaliletwa mambo machache mno. Watu walifikiri inatakiwa hati yenye muhuri wa serikali. Ilipofafanuliwa kwamba hata kitabu cha nyimbo chakavu kinafaa, yalianza kuja masanduku ya bati, mifuko ya ngozi ya mbuzi, na makopo ya maziwa ya unga yaliyojaa risiti za kodi. Katika jalada la ndani la vitabu vya nyimbo na vya sala ndimo wazazi wengi walimoandika siku za kuzaliwa za watoto wao, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kuandika. Zikaja hati za kipaimara zenye picha ya Mchungaji Mwema, vyeti vya shule, picha za arusi zilizotobolewa na nondo, na barua. Barua nyingi zilikuwa za vijana waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Korogwe. Ndani yake mna salamu za ukurasa mzima kwa watu kumi na tano kwa majina, na mwishoni mstari mmoja wa kuomba shati. Mtu mwenye haraka huziruka salamu hizo. Mtafiti wa ukoo huanzia hapo hapo, kwa sababu mwandishi anapomsalimu mmoja kwa neno mjomba na mwingine kwa neno baba mdogo, ametoa ushahidi ambao hakuna ofisi iliyouandika.

Ifahamike pia kwamba karatasi zilizosalia vizuri kuliko nyingine zote ni zile zilizowekwa juu ya dari ya jikoni. Moshi wa kuni umezifanya nyeusi kama majani ya chai, lakini mchwa na ukungu wa milima ya Usambara havikuthubutu kuzigusa. Zile zilizotunzwa kwa heshima kabatini, zikafungwa katika mifuko ya nailoni, ndizo zilizooza.

Baada ya karatasi za nyumbani ndipo hufuata vitabu vya kanisa. Misioni ya Kiinjili kutoka Ujerumani, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Bethel, ilifika Mlalo mwaka 1891 na Vuga mwaka 1895, na kila kituo kilikuwa na kitabu cha ubatizo, cha kipaimara, cha ndoa na cha maziko. Mchungaji aliandika nambari, jina la zamani, jina jipya, wazazi, mahali, siku, na wasimamizi wa ubatizo. Mwandiko wenyewe ni ule wa kale wa Kijerumani, ambao hata Wajerumani wa leo wengi hawausomi bila kujifunza. Herufi e yafanana na n, na s moja yafanana na f. Majina nayo yaliandikwa kwa sikio la Kijerumani: Vuga ni Wuga, Washambaa ni Waschambala, na mtafutaji asiyejua hayo atatafuta chini ya herufi V mpaka jioni asipate kitu. Mlalo yenyewe katika barua za wakati ule huitwa Hohenfriedeberg, na Lushoto ni Wilhelmstal. Juu ya hayo, majina ya Kishambaa yanayoanza na She- ni mengi, na jina moja laweza kuwa la watu wanne katika kitabu kimoja, hivyo isitoshe kuona jina. Ni lazima kutazama na wasimamizi waliosimama naye.

Wala kitabu cha ubatizo si Injili. Mmisionari aliandika alichosikia, naye aliyesema alijibu alivyoulizwa. Mtu akiulizwa baba yako ni nani, angeweza kumtaja baba mdogo aliyemlea, na kwa desturi za huku hakusema uongo. Umri uliandikwa kwa kukisia: kama miaka minane, kama miaka kumi. Njia bora ya kuupata umri ni ile ya wazee, yaani kuuliza alikuwa mkubwa kiasi gani wakati wa nzige, au Waingereza walipoingia Usambara mwaka 1916. Mwenye kuchunga mbuzi mwaka huo hakuwa mtoto wa mgongoni.

Tena yako makaburi ya karatasi yaliyo mbali. Nyaraka za Misioni ya Bethel leo zimehifadhiwa mjini Wuppertal, Ujerumani, na humo zimo taarifa za vituo na pia barua za Waafrika wenyewe. Nyaraka za Taifa mjini Dar es Salaam zina majalada ya serikali ya Kijerumani na ya Kiingereza. Gazeti la Pwani na Bara, lililotolewa Dar es Salaam na misioni za Kiinjili tangu mwaka 1910, na Kiongozi, gazeti la shule ya serikali ya Tanga, yaliandikwa kwa Kiswahili, na waalimu wa vijijini walipeleka humo habari zao. Kwa wenye asili ya Bonde haifai kuwasahau jirani Waanglikana wa Magila. Na kwa mambo ya kabla ya misioni, kitabu cha Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi kinataja watu, vijiji na vita kwa wingi wa kushangaza. Yeyote anayedai kutoka katika nyumba ya kitawala ya Vuga angefanya vema akisome kwanza.

Sasa habari ya mstari wa nane.

Familia ya kitukuu yule ilikuwa na hakika mbili. Ya kwanza, kwamba bibi alikuwa mtu wa Vuga. Ya pili, kwamba hakupenda kuulizwa. Watoto wake walipomuuliza kwao ni wapi, alijibu kwamba kwao ni kanisani, akaendelea kupeta mchele. Jibu hilo lilihesabiwa kuwa ni utakatifu wake. Kwa kweli alikuwa mcha Mungu. Yeye ndiye aliyekusanya wanawake wa kwanza wa bonde hili chini ya mti, kabla ya kuwapo jengo, katika miaka ile ambayo wamisionari wa Kijerumani walikuwa wameondolewa nchini, na waalimu wenyeji walibaki kuichunga kazi peke yao mpaka wamisionari waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Usharika huu ni tunda la miaka hiyo ya ukiwa. Haukuanzishwa na mzungu. Jambo hilo halisemwi vya kutosha.

Binti alikwenda na babu yake mdogo kwenye kituo mama, wakaomba kuona kitabu cha ndoa. Ndoa ya mwalimu ilipatikana bila taabu. Kando ya jina la bibi iliandikwa nambari ya ubatizo na neno moja: Lutindi. Babu mdogo alipoliona neno hilo alifunga kitabu, akasema warudi nyumbani, mvua inakuja. Binti anasema hapakuwa na wingu.

Wenye umri mkubwa katika kusanyiko hili wanajua kwa nini alifunga. Lutindi leo inafahamika kwa hospitali ya wagonjwa wa akili, lakini ilipoanzishwa mwaka 1896 ilikuwa ni makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Watoto hao walinyang'anywa wafanya biashara njiani au pwani, na serikali ikawakabidhi kwa misioni kwa kuwa haikujua warudishwe wapi. Ifahamike kwamba serikali ya Kijerumani haikupata kuufuta utumwa wenyewe katika nchi hii. Ilizuia biashara ya kuuza watu, ikatoa hati za uhuru kwa maelfu, ikaamuru kwamba watakaozaliwa kuanzia mwaka 1906 ni huru. Lakini sheria ya kuukomesha kabisa ilitoka wakati wa Waingereza, mwaka 1922. Maana yake ni kwamba bibi huyo alipokuwa akikusanya wanawake chini ya mti, walikuwapo watu katika nchi hii ambao kisheria walikuwa bado mali ya wengine, au walikuwa wametoka katika hali hiyo jana.

Tena isidhaniwe kwamba waliouzwa walitoka mbali siku zote, kwa Wayao au Wamanyema. Baada ya kufa kwa Kimweri ye Nyumbai katika miaka ya 1860, watoto na wajukuu wake waligombana kwa muda mrefu, na katika vita hivyo Washambaa waliwauza Washambaa. Njia ya misafara ilipita chini bondeni, na Semboja wa Mazinde aliishi kando yake. Vita vilipokoma ikaja nzige na njaa ya miaka ya mwisho ya karne ya 19, na katika njaa hiyo iko desturi ambayo wazee huitaja kwa sauti ya chini: mtoto aliwekwa rehani kwa chakula. Nia ilikuwa kumkomboa mavuno yakirudi. Mavuno yalipochelewa, mwenye rehani naye alikuwa na njaa, na msafara ulikuwa ukipita.

Kitabu cha ubatizo kilifunguliwa mara ya pili baada ya miezi mingi, mbele ya mchungaji. Chini ya nambari ile liliandikwa jina la kale la bibi, umri kama miaka kumi na mitano, na mahali pa wazazi palichorwa mstari mtupu. Chini ya mahali alikotoka palikuwa na neno ambalo hakuna aliyeweza kulisoma. Lilipigwa picha kwa simu, likapelekwa kwa mama mmoja mstaafu wa usharika rafiki kule Ujerumani, aliyefundishwa mwandiko ule na bibi yake. Alirudisha jibu kwamba herufi ni hizi na hizi, lakini kwa Kijerumani hazina maana. Zilipotamkwa kwa sauti sebuleni zilikuwa ni jina la kitongoji kilicho nyuma ya kilima hiki, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu.

Kwa hiyo bibi hakuwa mtu wa Vuga, wala hakutoka mbali. Alikuwa mtoto wa jirani.

Sanduku la bati la mwalimu lilikuwa na barua zilizofungwa kwa uzi wa mkonge. Mwalimu alikuwa na tabia njema ya kuandika kila barua mara mbili, kwanza kwa penseli katika daftari, kisha kwa wino ya kupeleka. Madaftari hayo ndiyo hazina kubwa kuliko zote zilizoletwa katika Jubilei hii. Mengi yake ni mambo ya kila siku: chaki zimekwisha, mabati hayajafika, fulani ametengwa kwa ajili ya pombe naye anaomba kurudi kundini. Katikati yake imo barua moja ndefu kwa mmisionari wake wa zamani, ambaye wakati huo alikuwa kwao Ujerumani.

Katika barua hiyo mwalimu anaeleza kwamba baada ya kuhamia bonde hili, mtu mzima mmoja alifika nyumbani kwake na wazee wawili, akamtazama mke wake, akamwita kwa jina la utotoni. Alikuwa ni kaka wa mama yake. Ndiye aliyempeleka rehani mwaka ule wa njaa, wazazi wakiwa wamekwisha kufa. Siku ya pili alirudi kudai mahari, kwa kuwa mwalimu alioa bila kuwapa kitu wenye binti. Mwalimu anauliza kama mtumishi wa Kanisa anapaswa kumlipa mahari mtu aliyemtoa mtoto kwa kikapu cha mahindi. Lugha yake ni ya upole, lakini penseli imekandamizwa hata ikatoboa karatasi.

Mwisho wa barua ndipo lilipo neno ambalo familia ililisoma na kunyamaza. Anasema kwamba yeye asingelipa. Mke wake ndiye anayetaka yalipwe, kwa sababu watoto wake wanachekwa na wenzao kwamba hawana wajomba.

Asiyejua maana ya kukosa wajomba katika nchi hii hataielewa barua hiyo. Mjomba ndiye anayesimama katika arusi, ndiye mwenye neno katika msiba, na mtoto asiye na mjomba ni kama nyumba yenye ukuta mmoja. Misioni ilimpa bibi huyo jina, elimu ya kusoma, na Mwokozi. Haikuweza kumpa kaka wa mama.

Kwa msaada wa usharika rafiki uliulizwa uongozi wa nyaraka kule Wuppertal, na barua ya wino ikapatikana katika jalada la barua za waalimu. Pembeni pana alama ya penseli kwamba imejibiwa. Jibu lenyewe halikupatikana, si kule wala katika sanduku, na huenda lilipotea njiani. Kilichopatikana ni nusu ukurasa uliochanwa katika daftari la shule, wenye alama tatu za dole gumba, unaosema kwamba wenye binti wamepokea mbuzi na jembe, na kwamba hawana neno tena.

Hapo kazi ya karatasi ilikuwa imekwisha, na kazi ngumu zaidi ikaanza. Kwa maana mjomba yule alibatizwa baadaye, na ukoo wake ni wa usharika huu huu. Wamo wazee wa kanisa, yumo mwanakwaya, wamo waliochanga mabati ya jengo hili. Pande zote mbili zilikutana mara tatu nyumbani kwa mchungaji. Mara ya kwanza upande wa bibi ulitaka yote yachapwe katika kitabu cha Jubilei, na upande wa mjomba ukauliza kama Jubilei ni ya kumshukuru Mungu au ya kufukua. Mara ya pili mzee mmoja alishauri kwamba nusu ukurasa ule uchomwe kwa heshima. Ushauri wa namna hiyo hutolewa mara nyingi kuliko inavyodhaniwa, na karatasi nyingi za nchi hii zimekwenda hivyo. Ni vizuri kusema waziwazi kwamba ungekuwa ni kosa, kwa kuwa nusu ukurasa huo ndio pekee unaothibitisha kwamba koo hizi mbili zilipatana.

Mara ya tatu alizungumza mzee wa upande wa mjomba ambaye kwa mikutano miwili alikuwa amekaa kimya. Alisema kwamba amehesabu miaka. Mwaka ule wa njaa babu yake alikuwa mtoto mchanga katika nyumba ile ile. Kikapu kile cha mahindi kiliingia katika nyumba ile, na hapakuwa na chakula kingine. Hivyo yeye anaposimama hapa, na wanawe, na wajukuu wake, wamekula thamani ya bibi huyo. Baada ya maneno hayo hakuna aliyetaja tena habari ya kuchoma.

Walikubaliana hivi: jina la bibi, la kale na la ubatizo, litaandikwa katika orodha ya waasisi badala ya yale maneno matatu. Habari ya Lutindi itaandikwa. Jina la mjomba halitachapwa, kwa kuwa marehemu hawezi kujieleza na njaa haikumuuliza. Barua na nusu ukurasa vitawekwa katika sanduku la usharika, navyo vitasomwa na wa ukoo wowote kati ya hizo mbili akiomba. Wapo wanaoona kwamba makubaliano hayo yameficha mno, na wapo wanaoona kwamba yamefunua mno. Yamkini ni dalili kwamba hayakukosea sana. Kwa sababu hiyo hiyo jina la bibi halitatamkwa katika mada hii. Litasomwa na kitukuu wake katika ibada ya Jumapili, kabla ya kusomwa na mtu mwingine yeyote.

Yabaki maneno machache ya utunzaji, kwa kuwa masanduku bado yanaletwa. Karatasi iliyopasuka isigandishwe kwa selotepu, maana gundi yake hula wino; iwekwe kati ya karatasi mbili safi. Isipelekwe mjini kuwekewa plastiki. Anayeisoma atumie penseli, kalamu ya wino ikae mfukoni. Picha za simu zipigwe mchana mlangoni, pasipo mwanga wa kamera, na nyuma ya kila picha ya zamani yaandikwe majina ya waliomo wakati bado yuko mzee awezaye kuwatambua. Wazee waulizwe kabla ya karatasi kufunguliwa, na waulizwe tena baada ya kufunguliwa, kwa kuwa jina moja lililosomwa kwa sauti huamsha mengine kumi. Kuhusu kitabu cha waliotengwa, Baraza la Wazee limefanya vyema kukifunga kwa habari za watu ambao watoto wao wako hai. Dhambi iliyokwisha kusamehewa madhabahuni haina sababu ya kusomwa tena na mjukuu wa jirani.

Familia iliomba jambo moja zaidi, nalo lilileta mjadala hata katika ofisi ya Dayosisi. Waliomba mchungaji ajaze ile nafasi ya wazazi katika kitabu cha ubatizo, ambayo mmisionari aliichora mstari mtupu, sasa kwa kuwa majina yamejulikana kutoka kwa wazee wa kitongoji. Mchungaji alikataa kuandika chochote juu ya ukurasa ule. Alichukua karatasi nyeupe, akaandika nambari ya ubatizo, majina ya baba na mama kama yalivyotajwa, nani aliyeyataja, na tarehe. Ilitiwa sahihi na watu wanne, wawili wa kila upande, ikawekwa ndani ya kitabu mahali pale, pasipo gundi.